Mhusika wa Mchezo wa Mezani kwa Maneno Mia Moja: Mwongozo Kamili

Karatasi ya mhusika ina visanduku vingi, na mchezaji mgeni huvijaza vyote kabla hajajua anamchezea nani. Matokeo huonekana mapema tu mchezo unapoanza. Msimulizi anauliza, "Mlinzi wa lango amekataa kukupisha, unafanya nini?" naye anainamia karatasi kutafuta jibu kwenye tarakimu. Tarakimu zitamwambia ana nguvu kiasi gani za kumsukuma mlinzi. Kama ni mtu wa kusukuma watu, hazina habari.

Njia ninayoieleza hapa huanza na aya moja fupi ya maandishi, tarakimu zikaja nyuma yake. Kanuni ninayoishikilia kuliko zote ni hii: kila sentensi ya aya hiyo impe mtu fulani pale mezani kitu cha kufanya. Sentensi isiyomfaa mchezaji mwenyewe, wala msimulizi, wala wenzake, ni pambo, hata iwe tamu vipi.

Kwa ambaye michezo hii ni mipya kwake: kikundi kidogo cha watu hukaa meza moja, mmoja wao akiwa msimulizi anayeieleza dunia na kuwasemea watu wote waliomo. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, husema mhusika huyo anafanya nini, na pakiwa na shaka kama atafaulu, dadu hurushwa.

Dungeons & Dragons, mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson, ulipotoka mwaka 1974, dadu ndizo zilizotangulia. Tatu zilirushwa mara sita, zikatoa Nguvu, Akili, Busara, Ustahimilivu, Wepesi na Mvuto, na mchezaji akabaki kubuni mtu wa kuzifaa tarakimu hizo. Mwaka 2000 mchezo wa Hero Wars ulioandikwa na Robin D. Laws ukaligeuza jambo hilo juu chini: unaandika maelezo ya mhusika kwa maneno 100, unapigia mstari maneno yenye uzito, na maneno hayohayo yanakuwa uwezo wake unaorushiwa dadu. Hata kama kundi lako halichezi mchezo wa aina hiyo, zoezi lenyewe linafaa popote.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kuandika

Muulize msimulizi dunia ikoje, kundi litakuwa likifanya nini pamoja, na kama kisa ni cha vichekesho, cha vitisho au cha vita. Uliza pia mambo gani hayataguswa mezani. Kuna watu hawataki kusikia habari za watoto kuumizwa, wengine hawataki mateso, na ni afadhali kulijua hilo sasa kuliko kulisoma kwenye uso wa mwenzako katikati ya mchezo.

Kisha ujue kanuni za mchezo wenu zinayatendeaje maneno. Kwenye michezo kama Fate, maneno uliyoandika ni sehemu ya kanuni: ukitoa tokeni moja na kuonyesha kwamba sentensi fulani ya mhusika inahusika, unaongeza 2 kwenye jumla ya dadu au unarusha upya. Kwenye Dungeons & Dragons maneno hukaa pembeni zaidi, ingawa toleo la 2014 lilitenga visanduku vya tabia, maadili anayoyaamini, mafungamano na kasoro. Kadiri kanuni zinavyoyategemea maneno, ndivyo unavyopaswa kuyachagua kwa uangalifu. Ukiandika "hodari wa kila kitu", msimulizi mwenye akili zake atakurudishia karatasi.

Hatua ya 2: Sentensi moja

Andika kazi ya mhusika, ukiongeza jambo moja ambalo halijakaa sawa.

"Tabibu wa jeshi aliyeapa kutogusa damu tena." "Mjumbe anayefungua barua anazokabidhiwa." "Mwizi wa makaburi anayeogopa giza."

Hiyo ya tatu itachekesha usiku wa kwanza, kisha itaisha nguvu, kwa sababu haimsukumi mtu popote. Ya pili ina mwendo: barua ipi aliyoifungua majuzi, na ilisema nini? Ukiiandika sentensi na hapo hapo swali likakujia, endelea nayo. Usipojiuliza lolote, andika nyingine.

Naanza na kazi kwa makusudi. Kazi humletea mhusika ujuzi, vifaa, watu anaofahamiana nao na watu waliomchoka. Ukishasema ni tabibu wa jeshi, huna haja ya kuandika kwamba anajua kushona jeraha au kwamba amewahi kuona watu wakifa. Hayo yamekuja bure, na kwenye aya ya maneno 100 cha bure ni cha kushukuru.

Hatua ya 3: Itanue sentensi iwe aya

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo tutakaa kidogo. Hii ni aya ya mhusika anayeitwa Sauda, jinsi ambavyo aya nyingi za kwanza huandikwa:

"Sauda ni mwanamke jasiri na mwenye akili nyingi. Wazazi wake waliuawa alipokuwa mdogo, akalelewa na mzee mmoja aliyemfundisha mambo mengi. Ni mchora ramani hodari. Ana siri nzito moyoni. Anapenda haki na anawachukia wanaoonea wanyonge. Ni mkimya, lakini ukimzoea ni mcheshi sana. Siku moja atalipiza kisasi."

Haina kosa la lugha, lakini mezani haina kazi. "Jasiri" ni sifa ambayo karibu kila mhusika wa michezo hii anayo, la sivyo angebaki nyumbani. Wazazi wameshakufa, na aliyewaua hana jina, kwa hiyo msimulizi hana pa kuanzia. Siri nzito haijulikani hata kwa mwandishi wake. Amejiwekea deni atakalolilipa siku asiyoijua. Mzee alifundisha "mambo mengi", yaani hakuna. Nazo "mkimya" na "mcheshi" zimekutana zikafutana.

Sasa Sauda huyo huyo, baada ya kuulizwa maswali:

"Sauda alichora ramani za jeshi la majini hadi siku alipoweka mwamba usiokuwepo, ili meli zisipite karibu na kijiji fulani. Meli tatu zilikwepa mwamba huo, zikaingia kwenye mkondo mbaya, zikazama. Sasa anauza ramani gatini kwa jina la Mosi. Husoma nyota, maji na nyuso za manahodha. Hapandi chombo mpaka aikague ramani yake kwa vidole, mstari kwa mstari. Akibanwa hudanganya kwanza, na uongo wake huwa na mambo mengi mno. Nahodha Rubama, aliyenusurika, anamtafuta aliyechora mwamba ule. Yeye na Sauda husalimiana kila asubuhi. Kila mwezi Sauda hupeleka pesa kwa siri nyumbani kwa baharia mmoja aliyezama. Kijijini kulikuwa na nini, hajamwambia mtu."

Haifiki maneno 100. Ipitie sentensi moja moja ukiuliza inamfaa nani. Ya kwanza na ya pili zinampa msimulizi kisa kizima: jeshi, ramani ya uongo, meli zilizozama. Jina la bandia linampa mchezaji kitu cha kulinda kila anapojitambulisha. Nyota, maji na nyuso ni uwezo, tena wa tatu ndio wenye faida zaidi, maana utatumika hata nchi kavu. Vidole kwenye ramani ni kitu cha kuigiza: mchezaji anaweza kunyoosha mkono mezani na kufanya hivyo, na wenzake wakajua bila kuambiwa kwamba Sauda ana wasiwasi. Rubama anaweza kuingia mlangoni wakati wowote. Pesa za kila mwezi zinaacha nyayo za kufuatwa.

Linganisha siri mbili. Ile ya kwanza ilikuwa "ana siri nzito". Hii ya pili tunajua iko wapi na inahusu nini, ila kilichokuwemo kijijini kimeachwa wazi kwa makusudi. Msimulizi akijaza, anajaza ndani ya mipaka aliyowekewa. Pengo moja la namna hiyo linatosha. Ukiacha matano, umemkabidhi msimulizi kazi yako.

Tazama vitenzi pia. "Husoma", "hapandi", "hudanganya", "hupeleka": ni mambo anayoyafanya, na yanarudiwa, kwa hiyo hata usiku wa leo yatatokea. Kila unapojikuta umeandika kwamba mhusika ni kitu fulani, jaribu kuandika anafanya nini kwa sababu hiyo. Mchezo wa Over the Edge wa mwaka 1992 uliligeuza wazo hili kuwa kanuni: mchezaji anajiandikia sifa chache kwa maneno yake mwenyewe, na kila sifa lazima iwe na dalili ambayo wengine wanaweza kuiona. Mwenye nguvu awe na shingo nene, mwenye hofu awe anageuka nyuma kila mara. Usipoipata dalili, huenda sifa hiyo imo kichwani mwako tu.

Sura na mavazi? Jambo moja linatosha, na liwe linalosema kitu. Rangi ya macho iache.

Hatua ya 4: Kasoro inayogharimu

Watu huogopa kuharibu mhusika wao, kwa hiyo huandika kasoro za uongo. Kuna ile ambayo ni sifa iliyovaa barakoa, "anawajali wenzake kupita kiasi". Kuna isiyoweza kutokea, kama kuogopa theluji kwenye kisa kinachopita jangwani. Na kuna ya tatu, mbaya kuliko zote, inayolipwa na wengine: "huiba chochote anachokiona, hata cha wenzake." Anayeiandika huiona ya kuchekesha. Wenzake, wakishaibiwa mara mbili, hawataona sababu ya kusafiri na mtu huyo, na mchezo utageuka ugomvi wa watu halisi.

Kasoro nzuri humgharimu mwenye nayo kwanza, na hugharimu kwa namna inayofungua mlango mwingine. Turudi kwa yule mlinzi wa lango. Sauda amebanwa, anadanganya: ni mpwa wa mtunza ghala, mjomba ni mgonjwa, ameagizwa dawa, dawa iko kwenye kisanduku chekundu, kisanduku kiko chini ya kitanda. Mlinzi anauliza, "Mjomba wako ni huyu mwenye kilema, au yule mwingine?" Meza nzima inashika pumzi. Dadu zikikataa, hakuna aliyekufa, lakini sasa mlinzi anataka kwenda naye mpaka ghalani, na hicho ni kisa kipya.

Wakati huo huo kanuni nazo zinaweza kusaidia. Tuseme mnacheza Dungeons & Dragons, toleo la 2014. Sauda ana Mvuto wa 14, ambao humpa nyongeza ya 2. Kama amefunzwa kudanganya, kwenye ngazi ya kwanza anaongeza nyingine 2. Msimulizi ameweka kiwango cha 15, kwa hiyo dadu ya pande 20 lazima itoe 11 au zaidi: nusu kwa nusu. Mchezaji aliyeigiza kasoro yake vizuri huweza kuzawadiwa na msimulizi haki ya kurusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa, na hapo nafasi inapanda mpaka asilimia 75. Kwenye Fate ni vivyo hivyo kwa njia nyingine: msimulizi akiitumia kasoro yako dhidi yako nawe ukakubali, unapokea tokeni ya kutumia baadaye. Anayeficha kasoro zake kwenye michezo hii anajinyima.

Hatua ya 5: Majina

Aya iwe na jina la mtu mmoja au wawili walio hai. Rubama ana jina; baharia aliyezama hana, na si lazima awe nalo sasa. Wahusika ambao watu wao wenye majina ni marehemu watupu huwa wapweke, na msimulizi hulazimika kuwabunia watu wa kuzungumza nao.

Kisha mgeukie mchezaji aliye karibu nawe, umuulize swali moja litakalowafunga wahusika wenu pamoja. "Nani kati yenu aliyewahi kununua ramani kwangu ikampeleka pabaya?" Mmoja akijibu, mmeshapata sababu ya kujuana, na jibu hilo lichukue sentensi moja kwenye aya zote mbili. Ila usimwandikie mwenzako hisia. "Wote wanampenda Sauda" si lako kuliandika.

Hatua ya 6: Piga mistari, kisha tarakimu

Chukua kalamu upigie mstari kila neno linaloweza kuamua jambo mezani. Kwa Sauda mimi ningepigia: ramani, jina la Mosi, nyota, maji, nyuso, hudanganya, Rubama, pesa kwa siri. Manane. Yakizidi kumi na mawili, aya imejaa mno na mengine hayatatumika. Yasipofika matano, rudi hatua ya 3.

Kwenye mchezo unaoyatambua maneno, kazi imekaribia kwisha: yapange kwa uzito, lililo moyo wa mhusika lipate tarakimu kubwa. Kwenye mchezo wa tarakimu, yagawe maneno yako kwenye sifa. Dungeons & Dragons ina seti iliyopangwa tayari ya 15, 14, 13, 12, 10 na 8, na ninaipendelea kwa zoezi hili kwa sababu inakulazimisha kuchagua. Ramani na nyota zinaipa Akili 15. Uongo unaupa Mvuto 14. Kusoma nyuso na maji ni Busara, 13. Wepesi 12, Ustahimilivu 10, na Nguvu 8, kwa kuwa hakuna hata sentensi moja iliyomtaja akibeba kitu.

Ikiwa aya na tarakimu vinagombana, badilisha tarakimu. Mtu aliyeandikwa kama msoma nyuso kisha akapewa Busara ya 8 atasomwa yeye kila kikao, labda kama hicho ndicho kichekesho ulichokikusudia.

Kundi likisisitiza kurusha dadu kwanza, anza na tarakimu mbili tu, ya juu kabisa na ya chini kabisa. Dadu tatu za pande sita hutoa wastani wa 10.5, kwa hiyo zilizo katikati hazina la kusimulia. Ukipata Nguvu 16 na Mvuto 6, uliza: nani mwenye mwili huo ambaye watu hawapendi kukaa karibu naye, na wao wana sababu gani? Jibu ndilo sentensi ya hatua ya 2.

Hatua ya 7: Isome kwa sauti

Isomee meza. Ni jambo la dakika moja hivi. Pale utakapojikwaa, sentensi ni ndefu. Pale wenzako watakapoangalia simu, futa. Wakikuuliza swali, usilijibu lote. Liandike pembeni, maana umeshajua wanataka kisa kielekee wapi.

Mbele ya wengine, sentensi ya siri unaweza kuiruka, ingawa mimi hupenda ijulikane. Wachezaji wakijua kwamba Mosi ndiye aliyechora ule mwamba, hata kama wahusika wao hawajui, kila salamu ya Rubama inakuwa na utamu wake.

Ukiwa msimulizi

Watu wako hawahitaji maneno 100. Sentensi mbili kila mmoja: anataka nini leo, na anafanya nini ambacho wachezaji watamkumbuka nacho. "Mlinzi anataka zamu iishe bila mkubwa wake kuja. Huhesabu funguo zake huku mtu akizungumza." Ukiongeza kitu kimoja anachokijua ambacho wachezaji wangependa kukijua, ametosha kwa usiku mzima. Akiwanogea wachezaji na wakarudi kumtafuta, hapo ndipo umwandikie aya.

Baada ya vikao vichache

Aya ina nafasi ya maneno 100 na ibaki hivyo. Sentensi ambayo imeshatumika ikaisha, ikate, na mahali pake uandike kilichotokea. Rubama akishaujua ukweli, ile salamu ya asubuhi haina tena maana. Kwa Sauda wa meza moja ingekuwa: "Rubama amemsamehe, kwa sharti kwamba amchoree ramani ya kijiji kile." Kwa meza nyingine, ambako dadu zilikuwa katili: "Rubama amekufa akimlinda Sauda, na meli yake sasa ni ya Sauda." Tarakimu nazo zifuate hapo. Akishapata meli, huenda ile alama mpya ya ngazi inayofuata isiende tena kwenye Akili.